Mfupa wa Shavu la Kushoto

Mdogo wangu wa damu,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na shemeji yangu na binti yenu. Natumaini barua hii inakukuta unapumua vizuri na kile kifua kimekuachia. Mgongo wa shemeji je? Mwambie aache kunyanyua magunia kama kijana, umri ule si wa kujionyesha. Na binti, mama yake mkubwa anauliza: meno ya mbele yameota, au bado anacheka kama bibi kizee? Mimi nipo. Nakula, nalala kidogo, miguu inavimba jioni lakini inanibeba.

Utashangaa kwa nini barua na simu ipo. Simu nimeishika mara nyingi wiki hizi, nikafika mpaka kwenye jina lako, nikaiweka chini. Kwenye simu wewe ungenyamaza, na ukinyamaza mimi hupotewa na maneno, naanza kukuuliza habari za mvua. Basi nimenunua daftari. Mwandiko wangu unaujua, ni ule ule wa darasa la nne, herufi zimelala upande kama nguo kambani siku ya upepo. Soma taratibu. Na kama kuna mtu karibu yako, naomba ungoje mpaka uwe peke yako.

Kaka yetu alikuambia kwamba mwanangu aliumia kazini lakini hajambo. Alikuambia hivyo kwa sababu mimi nilimwomba. Hakuwa hajambo.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Kazi yake ya matairi unaijua. Walileta tairi la lori, lile lenye pete ya chuma ukingoni ya kulishikilia. Tairi kama hilo linajazwa upepo likiwa ndani ya kizimba cha nondo, ili pete ikiruka iishie kwenye nondo. Siku hiyo kizimba kilikuwa na tairi jingine, na dereva alikuwa anawasimamia kichwani, anasema kwani nyinyi mnajaza upepo au mnapika? Mtoto akajazia pale chini, ameinama analisikiliza. Pete ikaruka. Wenzake wanasema waliposikia mlio walidhani ni mpira tu umepasuka, mmoja akacheka akasema haya, leo tumeuza tairi jipya. Walipogeuka wakamwona amekaa chini, ameushika uso wake kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa.

Mdogo wangu, nilipofika wodini nilipita kitanda chake. Nilikwenda mpaka mwisho namtafuta, mpaka nesi akanirudisha. Uso ulikuwa umevimba, macho hayaonekani, na umekuwa mrefu, sijui nikuelezeje, mrefu kama uso ulioonekana ndani ya kijiko. Nilimjua kwa miguu, kile kidole cha pili kilichopanda juu ya kidole gumba. Nikakishika kidole hicho nikakaa nacho.

Daktari wa upasuaji wodi nzima wanamwita Seremala, mwenyewe anajua na hakasiriki. Ni mtu wa maneno machache. Alimshika meno ya juu kwa vidole viwili, akayatikisa polepole, na pua ikafuata. Mimi nimesimama pale naona pua ya mwanangu inafuata meno. Akasema anataka picha za ile mashine ya duara, ile wanayokuingiza umelala, kwa sababu lazima ajue uso umevunjika fungu gani kabla hajaugusa.

Picha zikapigwa Jumamosi hiyo hiyo. Siku mbili baadaye nikaitwa na daktari wa picha. Huyu manesi wanamwita Bwana Giza, maana anakaa kwenye chumba kisicho na dirisha, taa imezimwa, skrini tatu zinamwakia usoni. Nesi aliyenipeleka alinitania nisiogope, akasema huyu anaogopwa na mifupa tu. Nilimkuta ni kijana mpole, sweta limetoboka kiwiko. Alinipa kiti chake yeye akasimama. Kisha akanionyesha mtoto wetu hana ngozi.

Lilikuwa fuvu, analizungusha kwa kidole, huku na huku. Nilitaka kugeuka. Halafu nikaliona lile pengo la meno ya chini, na nikajikuta namwangalia kama ninavyomwangalia siku zote.

Alinieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Alisema uso ukipigwa kwa nguvu hauvunjiki ovyo, una njia zake, na daktari mmoja wa zamani alizigawa njia hizo mafungu matatu. Fungu la kwanza, taya la juu linachomoka na meno yake, kama droo. Fungu la pili, linachomoka pamoja na pua. Fungu la tatu, uso mzima unaachana na fuvu, mifupa ya mashavu ikiwemo. Na kila upande unasomwa peke yake. Kulia kwa mtoto ni fungu la pili, hapo hawabishani. Ubishi uko kushoto.

Kuna kimfupa chembamba kinatoka shavuni kwenda sikioni, kama kishikio cha kikombe. Jiguse mbele ya sikio utakipata. Cha kwake cha kushoto kimebonyea katikati, kimeingia ndani. Kama kilivunjika Jumamosi ile, upande ule ni fungu la tatu, na Seremala atampasua kichwa kutoka sikio hadi sikio, aishushe ngozi ya paji la uso kama mtu anayevua kofia, ndipo aifikie mifupa. Damu itatoka nyingi. Na pale pana mshipa wa fahamu unaofumba jicho, ukiguswa vibaya jicho halifumbi tena. Lakini kama kimfupa hicho ni kovu la zamani, basi pande zote mbili ni fungu la pili, watapitia mdomoni na chini ya macho, kichwa hakiguswi.

Bwana Giza alisema yeye anaona kama ni la zamani, maana kingo zake zimelainika. Seremala anabisha, anasema uvimbe juu yake ni mbichi, na hawezi kuacha uso wa mtu ukining'inia kwa sababu ya kubahatisha. Nikamuuliza huyu kijana, mashine yote hii haiwezi kujua? Akasema, mama, picha inaniambia umbo, haiwezi kuniambia mwaka. Mwaka utaniambia wewe.

Akaniuliza kama mtoto aliwahi kuumia uso. Nikampa kile kisa unachokijua. Kwamba alipokuwa na miaka minne mama yake mdogo, ndiyo wewe, alimkalisha juu ya meza ya kupigia pasi akaenda bombani, na aliporudi akamkuta chini kwenye sementi, shavu limevimba.

Alifurahi kwanza, akavuta karatasi. Halafu akasita. Akauliza pale chini palikuwa na nini, tofali, ndoo, mguu wa kiti? Nikasema sementi tupu. Akalizungusha tena fuvu la mwanangu, akaanza kutikisa kichwa. Alisema mtoto akianguka mezani anatanguliza kidevu, pua, paji la uso. Mfupa huu uko pembeni, umejificha, sementi tambarare haiwezi kuubonyeza vile. Hapa kitu chembamba cha mviringo kilikuja kutoka pembeni, unene wa mpini wa jembe hivi. Akaniuliza, mama, kuna mtu aliwahi kumpiga?

Nikasema hapana. Nilisema upesi mno, hata mwenyewe nilijisikia.

Basi, akasema, ule mwanguko hauelezi mvunjiko huu. Akaandika kwamba hakuna jeraha la zamani linaloeleza, na kushoto kukawa fungu la tatu. Akaniambia upasuaji ni kesho, Jumanne.

Nilitoka nikakaa kwenye benchi la ukumbini. Watu wakaingia, wakatoka. Mama mmoja akaniuliza kama foleni ni hii, nikamwambia sijui, na nilikuwa nimekaa mbele yake saa nzima. Nilikuwa nafikiria kofia. Namna wanavyoivua. Saa tisa alasiri nikarudi kule ndani, Bwana Giza ameshavaa koti anatafuta funguo, nikamwambia alipigwa. Ni mti wa kukorogea nguo kwenye pipa, mara moja, shavu la kushoto, ana miaka minne, miaka ishirini na miwili iliyopita.

Hakuniuliza ni nani. Aliuliza tu yule aliyepiga alisimama wapi. Nikasema mbele yake. Akafikiri, akasema basi alitumia mkono wa kulia. Na macho yake yakashuka, mdogo wangu, yakatua kwenye mkono wangu ulioshika mkoba. Akayaondoa haraka. Akavua koti akakaa akawasha skrini upya.

Kesho yake asubuhi madaktari walizunguka vitanda. Desturi yao, daktari mdogo anasoma habari za mgonjwa kwa sauti mbele ya wote. Sikuijua desturi hiyo, ningeijua ningemwomba. Akasoma: kulia fungu la pili, kushoto lilidhaniwa la tatu, limerudishwa la pili, kwa sababu mama wa mgonjwa amekumbuka kwamba mgonjwa alipigwa kwa mti utotoni. Amekumbuka. Hivyo ndivyo walivyoandika.

Mtoto alikuwa haoni wala hasemi, lakini masikio yalikuwa mazima. Akainua mkono akichora hewani, nesi akampa karatasi na kalamu. Akaandika bila kuona, herufi kubwa zinapandana: NANI? Nesi akaniuliza ameandika nini, hasomi vizuri mwandiko ule. Nikasema anaomba maji. Nesi akamwambia maji hapana, kaka, mpaka baada ya upasuaji. Akaichukua ile karatasi akaikunja.

Walimfanya Jumanne hiyo hiyo, kwa saa sita nzima. Kichwa hakikuguswa. Seremala alitoka akanionyesha kidole gumba, kwake hiyo ni hotuba. Uso umerudi mahali pake, umefupika, ni wake. Jicho la kulia linaona mwanga tu, kama mtu aliyefunikwa shuka, na wanasema pengine litabaki hivyo. La kushoto linaona na linafumba. Meno wameyafunga kwa waya, ya juu na ya chini, wiki tano. Anakunywa uji kwa mrija.

Uvimbe ulipopungua akaomba karatasi tena. Safari hii aliandika vizuri: Ni mama mdogo ndiye alinipiga?

Niliishika karatasi. Nilisema mwenyewe moyoni, sema. Nikaanza kumpangia shuka. Yeye akaniangalia kwa lile jicho moja, akachukua ukimya wangu kuwa ndiyo, akaandika neno moja tu: Kumbe. Mimi nikamwacha nalo. Sikuficha kitu kingine katika barua hii, na hiki sikifichi: nilimwacha nalo siku mbili.

Siku ya tatu kaka yetu alikuja kumwona. Unamjua alivyo, hawezi kukaa wodini bila kuchekesha wagonjwa. Mtoto akampa karatasi zote asome. Kaka akasoma, akapiga paja, akakutaja kwa lile jina lako la utani, akasema haya jamani, Mikono Sabuni, kumbe siku ile haikuteleza, ilikuwa imeshika mti! Kitanda cha pili wakacheka bila kujua wanacheka nini. Halafu uso wake ukabadilika, akasema hapana, hili si la mzaha, mtoto wa miaka minne? Akasema miaka yote tunamwonea huruma kwamba ni bahati mbaya, na yeye ananyamaza anakula kwetu. Akatoa simu akasema atakupigia sasa hivi, ujieleze mbele ya mtoto.

Nikaifunika ile simu kwa kiganja. Nikawaambia ni mimi.

Sasa nakuambia wewe. Weka barua chini kama unataka, uishike tena baadaye.

Siku ile nilikuwa na mashuka ya nyumba ya wageni, meupe, ishirini na mawili, nayachemsha tangu alfajiri. Wewe ulimweka mtoto mezani na kipande cha mkate, ukamwambia atulie mpaka urudi. Alitulia kidogo, kisha akashuka mwenyewe kwa kiti, kama alivyokuwa akishuka kila siku. Hakuanguka, mdogo wangu. Hukumwangusha. Alikuja uani salama salimini, mkate mkononi, akashika shuka la mwisho akajifunika, akavuta, kamba ikakatika, na mashuka yote yakalala kwenye tope. Alikuwa anacheka humo ndani. Nilikuwa na ule mti mkononi. Ningependa kukuambia kwamba nilipiga shuka. Nilijua kuna mtoto ndani yake.

Alinyamaza ghafla. Nikamfunua, shavu limeingia ndani. Na papo hapo nikasikia ndoo yako mlangoni. Nilimbeba nikamlaza chini karibu na meza, nikakuita kwa kelele, nikasema ona, ona ulichokifanya. Nilifikiri ni kwa dakika ile tu, mpaka nijue la kumwambia baba yake. Lakini ulipiga magoti hapo hapo, maji yamekulowesha gauni, ukaniomba radhi. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Nikakuambia yamekwisha, nimekusamehe. Mimi, nikakusamehe wewe. Baada ya hapo ningerudi nyuma vipi?

Baba yake alipomuuliza mtoto ameumiaje, alisema, shuka. Tukasema ni homa. Marehemu shemeji yako akakurudisha kwa wazee wiki ile ile, na shule niliyokuwa nimekuahidi ikaishia hapo. Nilikufungia mzigo mwenyewe. Tangu siku hiyo wewe ni Mikono Sabuni, na kila mtoto akizaliwa kwenye ukoo huu watu wanacheka wanasema mpitisheni mbali na yule, na wewe unacheka nao na kuweka mikono nyuma. Nami nilikuwa hapo kila mara. Na ulipojifungua binti yako ulinipigia simu ukaniambia unaogopa kumwogesha, utamwangusha. Nikakuambia, utazoea. Niliweza kusema hivyo na nikaendelea na kazi zangu.

Kaka alichukua kofia yake akaondoka, na hajarudi. Mtoto aliandika kwa muda mrefu, nikadhani ni mengi, kumbe alikuwa anaandika na kufuta. Alichonipa mwishoni ni hiki: Mwandikie. Waya zikifunguliwa nitampigia mwenyewe. Kisha akageukia ukutani. Namlisha uji anameza, namfuta anakubali, lakini karatasi hanipi tena, anampa nesi.

Kwa hiyo usidhani dada yako amekuwa mtu mwema uzeeni. Nilimwambia yule daktari kwa sababu wangempasua kichwa. Niliwaambia kaka na mtoto kwa sababu simu ilikuwa imeshatolewa. Na wewe nakuandikia kwa sababu zimebaki wiki tatu waya zifunguliwe. Asingevunjika uso, ningekufa nalo, na ungekuja kunizika huku bado unaniomba radhi moyoni.

Kukuomba msamaha sithubutu, maana najua namna unavyosamehe, utasema yamekwisha kabla hata hujamaliza kusoma, na hayajaisha. Kasirika kwanza. Ukitaka kunitukana nitukane, ukitaka kuja kunitolea maneno mbele ya watu njoo, nitasimama. Ila mpokee mtoto atakapopiga simu. Maneno yatakuwa mazito mdomoni mwake, atakuwa bado anajifunza upya kusema, usimkatize.

Mpe mkono shemeji, lakini barua hii mwonyeshe tu ukipenda wewe. Na binti yako leo jioni mwogeshe mwenyewe, au msuke, au mbebe hata kama amekuwa mkubwa. Mikono yako haijawahi kumwangusha mtu.

Ni mimi niliyekutangulia kuzaliwa,

Dada yako.